Mahali pa Kumlaza Haikaeli

Jumamosi jioni, Moshi. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri na mlima haukuonekana kutwa nzima. Nimerudi kutoka Masama na matope mpaka kwenye pindo la gauni. Nimejimiminia chai, imepoa mezani bila kuguswa.

Nina huzuni, na si ya msiba peke yake.

Jumatano tulimzika Mzee Elinami. Leo ukoo wake umekaa kikao cha mirathi, nami nikaitwa kwa sababu ndiye niliyemwandikia wosia. Wosia ambao hakuusaini. Majina ya watu nimeyabadilisha, na binti yake, ambaye hasa ndiye ninayemwandika hapa, amenipa ruhusa. "Andika tu, Mama Wakili," aliniambia. "Labda yuko mzee mwingine atakayesoma."

Nianze mbali kidogo, kama ilivyo kawaida yangu. Wajukuu wangu husema nikiulizwa saa, naanza kueleza jinsi saa inavyotengenezwa. Lakini bila maelezo haya kikao cha leo hakitaeleweka kwa mtu asiye wa huku.

Kihamba ni shamba la nyumbani. Ndani yake kuna migomba, kahawa chini ya migomba, banda la ng'ombe, nyumba, na makaburi. Shamba la bondeni unaweza kuliuza ukanunua lori. Kihamba alicholala baba yako utamuuzia nani? Kwa mila, kijana akioa baba yake humkatia sehemu, na mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi. Binti huolewa akaenda, na kaburi lake humsubiri huko kwa mumewe.

Mila ilimfikiria kila mtu, isipokuwa binti anayerudi.

Mimi nilizaliwa Kibosho, pembeni mwa mfereji wa maji ambao baba yangu na mdogo wake waligombania upana wake mpaka wakaacha kusalimiana. Walikutana kanisani kila Jumapili, wakatazamana visigino. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma sheria, wenzangu walitaka kesi za makampuni na za bandari. Mimi nilitaka kujua ule mfereji ulikuwa wa nani. Mpaka leo sijajua, lakini ndio ulionirudisha Moshi na kunifanya wakili wa mirathi na ardhi.

Ofisini kwangu huja wake wa Soweto, mtaa wa hapa Moshi, waliojenga nyumba na waume zao, kisha wakagundua kwamba kiwanja kiko kwa jina la shemeji. Huja wakulima wa mpunga wa Chekereni, ambao babu alimwazima jirani jaruba kwa mdomo, na sasa wajukuu wa jirani wanasema walipewa. Karibu wote huja msiba ukishapita. Wanaokuja kabla ni wachache, kwa sababu huku kuandika wosia huonekana ni kujichuria kifo. Huwa nawaambia, kama wosia ungeua, mimi ningekuwa nimeshamaliza nusu ya wilaya.

Mzee Elinami alikuwa mmoja wa hao wachache. Mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Alipopooza upande wa kulia, binti yake Haikaeli ndiye aliyemlisha, akamwogesha na kumgeuza kitandani. Haikaeli ana zaidi ya miaka hamsini. Aliolewa Rombo, ndoa ikamshinda, akarudi kwao na begi moja. Alimuuguza mama yake mpaka akamzika. Kisha zamu ikawa ya baba.

Mzee alitaka nyumba na migomba inayoizunguka viwe vya Haikaeli maisha yake yote, na baada yake virudi kwa watoto wa Godlisten, mwanawe wa mwisho. Godlisten naye apewe shamba la chini, huko bondeni, sasa hivi. Mwanawe mkubwa alikwisha kupewa sehemu yake alipooa. Ulikuwa wosia wa mtu aliyefikiri sana.

Niliuandika wakati wa baridi. Nikapanda nao Masama, nikamsomea barazani mbele ya majirani wawili wasio na urithi wowote humo, maana shahidi hatakiwi kuwa mrithi. Kwa kuwa mkono wake wa kuandikia ulikuwa umekufa, nilibeba kidau cha wino ili atie dole gumba la mkono mwingine.

"Umeandika vizuri kuliko nilivyosema," alisema.

Kisha akaurudisha mkono ndani ya blanketi.

"Nitatia Krismasi."

Watu wa mbali hudhani Krismasi ni sikukuu tu. Kwetu ni bunge. Mchagga popote alipo hurudi nyumbani, na kila jambo zito huwekwa kiporo mpaka siku hizo: posa, ugomvi wa mpaka, kaburi la kujengewa. Jambo kubwa likifanyika watoto wakiwa hawapo, hata likiwa la haki, huitwa wizi.

Nilimbembeleza. Nilimwambia kwamba sheria haimhitaji mtoto wake yeyote, inahitaji dole lake na mashahidi wawili waliokuwa wameketi pale na vikombe mkononi.

"Nikitia leo," akasema, "Godlisten atasema dada yake alinishika mkono. Acha nimwambie macho kwa macho, ndugu wote wapo, mbuzi ameshachinjwa na pombe ya mbege iko mezani. Akitaka kunikasirikia, anikasirikie nikiwa hai."

"Na usipofika huko, mzee?"

"Mama Wakili! Umeshaona jeneza la bei nafuu mahali, nini? Sifi mimi kabla ya yule mbuzi. Nimemlisha mwenyewe."

Majirani walicheka. Mimi pia nilicheka, kusema kweli.

Mbuzi yule alichinjwa Jumatano, akaliwa msibani.

Simlaumu mzee. Hakuwa mjinga wala hakuogopa kifo. Alikataa tu kumpa mwanawe habari nzito kupitia karatasi. Sheria ilitaka dole lake, yeye alitaka uso wa mtoto wake. Mwisho wake hakikupatikana hata kimoja.

Basi leo tumeketi sebuleni kwake, juu ya viti vilivyoazimwa kanisani. Mvua ilipiga bati kiasi kwamba kila aliyezungumza ilibidi apaze sauti, hata aliyetaka kusema jambo la upole. Mwenyekiti alikuwa Mzee Anaeli, mdogo wa marehemu, ambaye watoto wanamwita baba mdogo. Nilisoma ile rasimu yote.

Godlisten ndiye aliyeanza. Ana miaka arobaini hivi, anaongoza wageni mlimani, uso umeunguzwa na baridi ya juu.

"Maneno ni ya baba kabisa," alisema. "Hata nikifumba macho namsikia. Lakini sahihi ya baba iko wapi?"

Mahali pa dole palikuwa patupu.

"Jamani, msinione mnyang'anyi. Mimi nimepanga Soweto, vyumba viwili, mke na watoto. Nikianguka huko mlimani kesho, jeneza langu litatokea nyumba ya nani? Ya mwenye nyumba wangu? Watoto wangu wakiulizwa kwao ni wapi, waseme wapi?"

"Na mimi kwetu ni wapi?" Ilikuwa sauti ya Haikaeli. Alisimama mlangoni na chupa ya chai mkononi.

"Wewe dada uliolewa."

"Nikarudi."

"Hakuna aliyekutuma kurudi. Ulirudi mwenyewe."

"Na kinyesi cha baba nilikitoa mwenyewe vilevile. Wewe ulikuwa juu huko unawapiga wazungu picha."

Akina mama waliokuwa ukumbini waliangua kicheko, kisha wakakizima haraka kwa sababu ya msiba. Godlisten aliinama akatazama viatu vyake. Namjua tangu akiwa shule ya msingi. Si mtu mbaya. Kila mwezi alileta dawa za baba yake, na Jumatano ndiye aliyeshuka kaburini kupokea jeneza. Anaogopa tu kuwa mtu asiye na mahali, na dada yake anaogopa jambo lile lile. Nyumba ni moja.

Nikaombwa kueleza sheria. Nikaeleza. Wosia usiosainiwa si wosia, ni karatasi. Kwa hiyo mzee amekufa kama asiyeacha wosia. Ukoo utapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wa kikao utapelekwa mahakama ya mwanzo, na yeyote mwenye pingamizi atasikilizwa. Kuhusu binti, nilisema bila kuficha kwamba sheria ya ardhi inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, kwamba mila zilizoandikwa zamani zinasema vingine, na kwamba hakimu ndiye hupima. Nikaongeza kwamba kazi ya binti huyu, kama ikielezwa vizuri mahakamani, ina uzito.

"Unamfundisha kutushtaki?" aliuliza baba mdogo.

"Nawaeleza wote, mzee wangu. Masikio ni yenu."

Hapo ndipo shangazi yao, bibi Ndeshi, alipoinuka. Ni dada wa marehemu, mzee sana, masikio yamekwisha, kwa hiyo akinong'ona nyumba nzima husikia. Alikuwa ametoka nje kwenye mvua na kurudi na jani la isale. Isale ni ule mmea tunaoupanda mipakani. Lakini pia ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo, umemwomba msamaha, na yeye hawezi kukataa, wala kukunyima unachoomba pamoja na msamaha huo. Akikataa amejiletea mkosi. Hata muuaji amewahi kusamehewa kwa jani hilo.

Shangazi alilifunga jani fundo, akalitia mkononi mwa Haikaeli. "Mpe kaka yako," akanong'ona kwa kishindo. "Hawezi kukunyima. Hata angekuwa chui."

Godlisten alilitazama lile jani kama mtu anayetazama mbwa asiyefungwa. Alijua, sote tulijua, kwamba likimfikia mkononi mambo yamekwisha. Nyumba ingekuwa ya dada yake bila wakili wala hakimu. Sitaficha kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha.

Haikaeli aliligeuzageuza.

"Shangazi, hili ni la mkosaji. Mimi nimekosa nini?"

"Ni jani tu, mwanangu. Mpe."

"Basi kama ni jani tu, mpe ng'ombe."

Akaliweka mezani, juu ya kitambaa, akatoka nje.

Nilimfuata. Nilimkuta kwenye jiko la nje, lile la mabanzi, anachochea moto wa mtori, ile supu ya ndizi, moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilimwambia kwamba nitamwakilisha bila malipo. Nilimwambia kwamba nadhani anaweza kushinda.

"Na nikishinda, mama?"

"Nyumba itakuwa yako."

"Nitakuwa na nyumba, sitakuwa na ndugu. Siku nikifa nani atachimba? Karani wa mahakama?"

Katika miaka yote ya kazi hii nimejibu maswali ya hati, ya mipaka, ya wake wawili, ya watoto waliojitokeza siku ya mazishi. Hilo hakuna kitabu kilichonifundisha. Mume wake wa zamani ana mke mwingine, ukoo ule hautampokea. Na ukoo wa baba yake husema binti aliyeolewa hazikwi kwao.

Akafuta mikono kwenye kanga, akarudi ndani, nami nyuma yake.

"Godi," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita alipokuwa mtoto mgongoni kwake. "Chukua nyumba."

Mvua ilikuwa imepungua kidogo, kwa hiyo hakulazimika kupaza sauti.

"Nipe hilo jiko la nje na migomba ya kula mpaka nife. Na nikifa, nizikwe hapa, kando ya mama. Liandikwe, na wote msaini."

Mmoja wa binamu akasema, "Dada, mambo ya kufa tuyaache. Tumetoka kuzika juzi."

"Ndiyo maana nasema leo. Au nisubiri Krismasi?"



Baba mdogo alianza taratibu, akitafuta njia. "Haikaeli, unajua wewe mwenyewe, binti akishaolewa..."

"Huko nilikoolewa walishampa mwingine kitanda changu, baba mdogo. Watanipa kaburi?"

Mzee yule aligeuka akamtazama Godlisten. Godlisten alikuwa analia, wazi, bila leso, kama wanaume wa huku wasivyolia. "Atazikwa hapa," alisema. "Mama Wakili, andika."

Kabla ya kuandika nilisimama. Nilisema mbele ya wote kwamba simshauri Haikaeli kusaini leo, kwamba akafikiri kwanza, kwamba sheria inaweza kumpa zaidi ya hapo. Kisha nikasema neno ambalo bado linaniuma ulimini. Nilimwambia: "Unatoa nyumba, unapewa shimo."

Aliniangalia kwa huruma. Yeye, ananihurumia mimi.

"Nyumba nimeshaikaa, Mama Wakili. Huko ndiko bado."

Nikaandika. Nimeandika mipaka ya mashamba mengi, kutoka mfereji mpaka njia, kutoka njia mpaka mtoni. Sikuwahi kuandika mpaka wa kaburi la mtu anayenitazama. Niliandika kwamba Haikaeli atazikwa katika kihamba hiki, upande wa mashariki wa kaburi la mama yake, na kwamba hakuna mrithi wala mtoto wa mrithi atakayezuia.

Baba mdogo aliomba niondoe "atazikwa", niweke "atapumzishwa". Alisema ni neno laini zaidi kwa mtu aliye hai.

"Hapana," Haikaeli akasema. "Kupumzika napumzika hata chini ya mgomba. Mtanipumzisha nusu saa mniondoe. Weka kuzikwa."

Nikaliacha kuzikwa. Wakasaini wote, na shangazi akatia dole lake gumba, akauliza kwa sauti ni nini alichotia. Alipoelezwa, akaketi akajifunika kanga usoni.

Je, mstari huo utasimama? Najiuliza tangu nilipoanza kushuka. Jumatatu nitaupeleka mahakamani pamoja na muhtasari, hakimu ausome na kuuingiza katika kumbukumbu, usibaki midomoni mwa ukoo peke yake. Leo wanaupenda kwa sababu wamelia pamoja. Lakini mimi nashughulika na wajukuu, na wajukuu hawakuwepo siku ya kulia. Watoto wa Godlisten watakuwa watu wazima, watataka kujenga, mmoja wao atasimama pale mashariki ya kaburi la bibi yake na kusema hapa panafaa kuwekwa tangi la maji. Ndiyo maana nimeandika "wala mtoto wa mrithi". Ni maneno manne tu. Ndiyo yote niliyoweza kumjengea.

Nilipokuwa naaga, Haikaeli alikuwa ameanza kutoa godoro lake nyumbani. Godlisten alimzuia mlangoni.

"Dada, si leo. Wifi yako hatahamia mpaka mwaka mpya. Kaa tu."

"Leo, Godi. Shika huko."

Akashika. Wakavuka ua pamoja katika manyunyu, yeye mbele, kaka yake nyuma, godoro limefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Mlango wa jiko ni mwembamba, ikabidi wainamishe upande mmoja. Nilisikia Haikaeli akimwelekeza: huku, huku, usigonge chungu. Nikaingia kwenye gari, nikawasha.

Kesho ni Jumapili. Nitapanda tena Masama kwa ibada ya shukrani. Familia itaitwa mbele, Haikaeli na kaka zake watasimama mstari mmoja, mchungaji atawawekea mikono na kumwomba Mungu awape waliobaki maisha marefu. Usharika wote utaitika amina, na mimi nitaitika.

Lakini nimekaa hapa na chai baridi najiuliza ninachomwombea Haikaeli. Maisha marefu, ndiyo. Marefu, katika jiko lile?